Mama Mizani na Perege wa Shimo la Matofali

Jina la Mama Mizani alipewa na wavuvi, na hawakumpa kwa upendo. Enzi hizo akichuuza samaki mtaa kwa mtaa, hakuamini mizani ya mtu yeyote. Alikuwa na yake, ya ndoano, kaifunga kiunoni kwa kamba, na akitokeza tu kwenye mnada wa asubuhi kando ya ziwa, mvuvi mmoja humwambia mwenzake, "Kaa sawa, mkaguzi huyo anakuja." Yeye hakununa. Alimtundika samaki, akasoma, akataja bei. Mvuvi akicheka, naye alicheka, halafu akaitaja bei ile ile kana kwamba ndiyo kwanza anaisema. Wapo wanaopatana bei kwa kelele na wapo wanaopatana kwa kujiliza. Yeye alipatana kwa kusimama. Alisimama mpaka mwenye mali akachoka.

Kwa hiyo hakuwa mwanamke wa kushangaashangaa ovyo. Alilea watoto kwa biashara ile, wakasoma, wakaondoka kila mmoja na njia yake, na kwa miaka yote hiyo samaki kwake alikuwa wa aina mbili tu: aliyenunuliwa vizuri na aliyenunuliwa vibaya.

Shimo halikuwa lake, lilikuwa la mumewe. Mumewe ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mikavu kama gome, na nyuma ya nyumba alikuwa akichimba udongo wa matofali. Alichimba akajenga nyumba yao, akachimba akawauzia majirani, akachimba mpaka siku moja chepe ikagusa chemchemi na maji yakaanza kupanda. Akatupa chepe akahamia kuchimba kwingine. Shimo likabaki pale, limejaa, vyura wakalifanya kwao.

"Kaka yangu, unafuga nini humo?" dada yake fundi alikuwa akimuuliza kwa dharau. Wifi huyo alikaa nyumba ya pili, akifuga kuku na kulima mboga. "Maana kwa kelele hizi za usiku naona kwaya yako imeiva."

Mama Mizani alilitazama lile shimo kwa jicho jingine. Mambo ya ziwani yalikuwa yanaharibika. Mitumbwi iliondoka mingi ikarudi mitupu, na iliyorudi na kitu ilileta vijisamaki ambavyo zamani mtu angemrushia paka. Akajipigia hesabu zake: mimi nanunua kwa mtu ambaye mwenyewe hajui kesho atapata nini, biashara gani hiyo? Siku moja akapeleka mnadani pipa la maji, akawaambia wavuvi anataka perege walio hai. Wakavunjika mbavu. Akasimama. Walipochoka kucheka wakamuuzia, naye akachagua wakubwa wachache waliokuwapo siku ile, maana kuchagua wakubwa ndiyo kazi aliyoijua. Akakodi gari, akafunika pipa kwa gunia bichi, akaenda kuwamwaga kwenye shimo la mumewe.

Kilichompata baada ya hapo hakukitarajia.

Asubuhi moja alikuwa ameinama akimwaga pumba. Perege wote waligombania isipokuwa jike mmoja, aliyejitenga kwenye maji ya kina kifupi, taya limemvimba kama mtu mwenye jino bovu. Hakuwa akila. Mama Mizani alijua maana ya samaki asiyekula, hiyo ni mali inayoharibika. Akaenda kuchukua wavu wa mkono amtoe mapema, amuuze kabla hajafa. Aliporudi, alisimama upande wa jua lisimtupie kivuli majini, na ndipo akaona kwamba mbele ya uso wa yule jike pana wingu dogo, kama ufuta uliomwagika, na kila punje ina macho. Akasogea. Kivuli chake kilipogusa maji tu, wingu likajikunja, likaingia lote kinywani mwa yule samaki, kama moshi unaorudi ndani ya bomba. Kinywa kikafumba.

Mama Mizani alibaki na wavu mkononi. Akarudi nyuma, akaondoa kivuli. Kinywa kikafunguka, wakatoka. Akasogea, wakaingia. Akarudia tena na tena, kama mtu anayejaribu bawaba za mlango anaotaka kuununua, na kila mara mlango ulifanya kazi. Mwanamke huyu alikuwa ameshapasua vichwa vya samaki visivyo na idadi. Amevikata, ameviosha, amevifungia watu kwenye magazeti, na hakuwahi kujua kwamba kinywa kile ni chumba cha kulelea watoto, na kwamba mwenye chumba anashinda na njaa siku zote hizo asije akameza wanawe.

Wakati wa chakula cha mchana alimwambia mumewe, "Kuna jike mmoja shimoni, chakula kiko mbele yake na hali."

"Mimi pia nilikuwa hivyo," fundi akajibu, "ule mwaka wa ada tatu kwa mpigo."

Mama Mizani hakucheka. Alikula polepole, na alipomaliza akarudi shimoni kuangalia tena.

Tangu hapo alifuga kwa akili mbili. Akili ya kwanza ilikuwa ya biashara, na hiyo ilikwenda vizuri ajabu. Pumba aliipata kwa mwenye mashine ya kusaga, ile inayomwagika chini, ya kufagia. Majani ya kabichi aliyaokota sokoni jioni, yale ya nje ambayo wauzaji huyabandua na kuyatupa. Samadi ilitoka kwenye banda la wifi; ukiitia kwa kiasi maji yanageuka kijani, na ule ukijani wenyewe ni chakula cha samaki, kinajiotea bure kwa jua. Tope lililozolewa ukingoni lilirudi kwenye bustani ya wifi, na mchicha ukatoka majani kama masikio ya ndovu. Vitu ambavyo mji mzima ulikuwa unavitupa viliingia upande mmoja wa shimo, na upande wa pili ikatoka nyama. Hapo akili ya pili ilikuwa ikimshika. Alikuwa akikaa ukingoni baada ya kulisha, akitazama maji yale ya kijani yasiyoonyesha chochote, akajiambia kwamba katika maisha yake yote ya kununua na kuuza hajawahi kukutana na mtu aliyempa kingi kiasi kile kwa kidogo kiasi kile bila kuwa tapeli.

Jikoni kwa hospitali ya mji wakasikia. Mpishi mkuu, mwanamume mnene aitwaye Kijiko kwa sababu hakuamini sufuria yoyote mpaka aionje, akaja mwenyewe, akabonyeza samaki kwa kidole, akanusa, akasema, "Dada, hawa hawajalala njiani hata kidogo. Wagonjwa wangu watapona kwa nguvu." Wakaelewana. Kila mavuno, samaki wa shimo walikwenda wodini.

Na mavuno yalikuwa na utaratibu wake, ambao Mama Mizani hakujifunza kwa mtu. Walikokota wavu yeye na wifi, mmoja kila ukingo. Samaki wakamwagwa kwenye turubai, naye akawachambua kwa mkono, upesi, bila kutazama mara mbili. Beseni la kwanza lilikuwa la wakubwa, hao ni wa Kijiko. La pili ni la wa kati, wa majirani. Waliobaki, vile vidogo visivyo na mnunuzi, aliviweka kwenye kidimbwi cha pembeni vizae mbegu ya msimu ujao, kwa kuwa ndani ya shimo lenyewe alikuwa ametia kambare wachache wa kula watoto, wasijazane. Alikuwa na fahari na utaratibu huo. Hakupoteza kitu. Kikubwa anakipeleka kwenye bei, kidogo anakipa kazi ya kuzaa.

Miaka ikaenda. Na samaki nao, pole pole, wakaenda.

Mwanzoni hakuna aliyesema neno. Beseni la kwanza lilikuwa linajaa kama kawaida, ila sasa lilihitaji samaki wengi zaidi kulijaza. Kisha beseni la kwanza likaanza kufanana na la pili. Kijiko alivumilia, kisha akashindwa.

"Dada, jana mgonjwa wangu ameniita kitandani. Nikadhani anazidiwa. Ananiuliza, mpishi, hiki ulichonipa ni samaki au ni kitana?"

"Ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nimemwambia achane nacho nywele, kesho nitamletea maharage." Akakohoa. "Nakuheshimu, unajua. Lakini mgonjwa hawezi kuchambua miiba. Nikipata hivi tena, narudi kwenye samaki wa barafu."

Fundi alikuwa anasikiliza kutoka barazani, na siku hiyo ndipo alipolitoa la moyoni. Mgongo ulikuwa umemchoka, majukwaa hayapandiki tena. Wauguzi wa hospitali walikuwa wakihangaika kutafuta vyumba vya kupanga. Pale palipo na shimo, pakifukiwa kwa kifusi, vingesimama vyumba safi vya kuwalisha uzeeni.

"Mke wangu, shimo nilichimba mimi," alisema. "Nilikuachia lilipokuwa linatoa samaki. Sasa linatoa vitana."

"Nipe msimu mmoja."

"Halafu?"

"Halafu Kijiko aje na sahani ya wodini. Samaki wa beseni la kwanza akiijaza sahani ukingo hadi ukingo, shimo ni langu mpaka nife. Asipoijaza, nalifungulia maji kwa mkono wangu mwenyewe, ufukie."

Wakapeana mikono, kama wafanyabiashara, na kila mmoja alijua mwenzake hatageuka. Ndoa yao ilikuwa imesimama juu ya jambo hilo kuliko jingine lolote.

Basi Mama Mizani akahangaika. Akamvaa mwenye mashine ya kusaga, akamtuhumu kuchanganya pumba na vumbi. Yule bwana akala chumvi mbele yake kuonyesha hana hila, ingawa hakuna aliyejua chumvi inahusiana nini na pumba. Wifi akanong'ona kuhusu jirani mwenye macho mabaya. Akabadilisha chakula, akaongeza mashudu ya alizeti, akapunguza samadi, akairudisha. Samaki wakala kila kitu kwa hamu na wakabaki vile vile.

Mwishowe akaja bibi samaki. Ndivyo walivyomwita yule binti wa idara ya uvuvi, mwenye buti za mpira na pikipiki iliyokuwa ikizimika yenyewe. Akachovya vifaa vyake majini, akapekua chakula, akauliza maji yanatoka wapi. Kisha akachuchumaa kwenye kidimbwi cha pembeni, akawakuta majike wadogo kama kiganja, taya zimewavimba.

"Mama, maji yako mazuri. Chakula kizuri kuliko wengi ninaowatembelea," alisema. "Wazazi wao wako wapi?"

"Wazazi wa nani?"

"Wa hawa."

"Wameliwa hospitalini."

"Wakubwa wote?"

"Mwanangu, mkubwa ndiye anayeuzika. Ulitaka nimpelekee mpishi wadogo?"

"Na wanaozaa ni wepi?"

"Wanaobaki."

Bibi samaki hakucheka wala hakutikisa kichwa. Alifuta mikono kwenye suruali. "Perege anazaa akiwa bado mtoto wa juzi," alisema taratibu. "Tangu uanze, humu vimepita vizazi vingi kuliko mababu unaoweza kuwataja. Na kila kizazi umemwondoa aliyekua upesi, ukamwachia kuzaa aliyeshindwa kukua. Hawa hawaumwi, mama. Hawa wamekuwa hivi. Ndivyo ulivyowachagua."

Wifi, aliyekuwa amesimama na ndoo, akasema, "Ndiyo maana mimi jogoo wangu mkubwa simchinji, hata aje mgeni na gari."

"Na hukuniambia?"

"Ningejuaje? Nilidhani samaki hawana mambo ya ukoo."

Mama Mizani aliuliza dawa yake. Dawa ilikuwepo: atafute wazazi wakubwa, aanze upya nao, na safari hii wale bora wasiguswe. Tatizo ni kwamba kituo cha mbegu kilikuwa na foleni ya wafugaji mpaka msimu mwingine. Akataja ziwa. Binti akasema, "Wakubwa wa ziwa lile hata sisi tunawatafuta. Tunatega, tunazunguka, hatuwapati."

Pikipiki ilipoondoka, Mama Mizani alikaa ukingoni, na hakuinuka upesi. Alikumbuka mnada wa zamani, alipokuwa msichana anaanza. Perege mmoja ulimbeba kwa mikono miwili. Kisha kwa mmoja. Kisha watatu kwa mkono mmoja. Alikuwa amewalaumu wavuvi, akazilaumu nyavu, mvua, serikali. Na kila asubuhi ya miaka ile yote yeye alikuwa pale na mizani yake, akisema nipe mkubwa. Kila mchuuzi alisema nipe mkubwa. Maji yale yasiyo na mwisho machoni yalikuwa yamesikia, yakafanya kama yalivyoagizwa. Na yeye, peke yake, kwenye shimo la nyuma ya nyumba, alikuwa amerudia kazi ya ziwa zima kwa miaka michache tu. Akaitazama mikono yake. Haikuwa mikono ya ajabu, ilikuwa na magamba chini ya kucha kama siku zote. Lakini ilikuwa imeumba samaki. Bila kutaka, bila kujua, kwa kuchambua tu upesi upesi kwenye turubai, ilikuwa imeumba samaki wa aina yake. Jambo hilo lilimtisha, na ndani ya kule kutishika mlikuwa na kitu kingine ambacho hakukipatia jina, kama mtu aliyesukuma ukuta kwa bega akaona mlima umesogea.

Msimu ukafika. Kijiko akaja na sahani ya wodini, ya bati jeupe, kaifunga kwenye kitambaa kama kitu cha mahakamani. Wavu ukakokotwa. Mama Mizani mwenyewe akachagua samaki aliye bora kwenye beseni la kwanza, akamlaza. Samaki alilala katikati. Kichwani palibaki pengo, mkiani palibaki pengo.

Kijiko alizungusha sahani, kana kwamba upande mwingine ungekuwa mfupi. "Dada, ningependa niseme vingine."

"Sijakuomba useme." Akamgeukia mumewe. "Umeshinda. Nionyeshe bomba lilipo."

Kulikausha shimo lilikuwa jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Chemchemi ilitoa maji kidogo kidogo, na kulijaza tena kungechukua muda mrefu, kwa hiyo siku zote walivuna kwa wavu tu. Fundi akamwonyesha bomba alilolizika upande wa chini zamani za matofali, la kutolea maji ya mvua, naye Mama Mizani akalizibua, na maji ya kijani yakaanza kushuka kwenye mfereji kuelekea mboga za wifi. Yalishuka siku nzima. Asubuhi iliyofuata kingo zilikuwa uchi, zinanuka tope, na majirani wamekwishakuja kuangalia kama watu wanavyokuja kuangalia nyumba inayobomolewa. Alikuwepo pia mwenye hoteli ya barabara kuu, aliyesikia kwamba shimo linafungwa na akaona ni siku nzuri ya kupata samaki wa supu kwa bei ya kutupa. Wifi alizoa perege wadogo kwa karai. Kambare walikuwa wanajipindapinda, wakatiwa guniani.

Mwishowe palibaki dimbwi moja kwenye kona ambako zamani udongo ulikuwa mzuri zaidi na fundi alichimba ndani kupita kwingine. Dimbwi lenyewe halikuzidi mkeka wa kulalia. Wavu ulikuwa umepita juu ya kona hiyo kila mavuno bila kufika chini.

Maji yakainuka. Si kuchemka, si kurukaruka kama wanavyofanya samaki wanaokosa maji. Yaliinuka katikati kama shuka ambayo mtu aliyelala amekunja goti chini yake, kisha yakatulia.

"Mamba," akasema wifi, akarudi nyuma na karai lake.

"Kwenye shimo langu?" fundi akasema, lakini hakusogea.

Mama Mizani ndiye aliyeingia. Alikunja nguo, akatumbukia mpaka mapajani, akapeleka mikono chini ya tope. Kitu kikapita kwenye mguu wake, kizito, bila haraka. Akakipapasa mgongo. Miiba ya pezi ilikuwa mirefu kama vidole. Akaingiza mkono chini ya tumbo, mwingine nyuma ya kichwa, akainua.

Majirani wakasogea hadi ukingoni. Mwenye hoteli, aliyekuwa akizungumza kwenye simu, aliishusha sikioni na kuisahau inaongea peke yake.

Alikuwa perege, lakini ilibidi uangalie kwa muda kabla macho hayajakubali. Kichwa kilikuwa kipana kuliko kiganja kilichotanuliwa. Rangi haikuwa ya kijivu wala ya kijani, ilikuwa nyeusi ya shaba kuukuu, na koo jekundu kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Kila gamba lilikuwa kama kucha. Hakupapatika. Alilala kwenye mikono yake akifungua na kufunga mashavu, na jicho lake, la duara la dhahabu, likamtazama. Kwenye pezi la mgongo palikuwa na pengo, na Mama Mizani, ambaye hakuwahi kusahau mali aliyoinunua, akamjua. Ni mmoja wa wale wa pipa. Mvuvi alidai bei ya samaki mzima, yeye akadai apunguziwe kwa ajili ya pengo lile, na walishindana mpaka maji ya pipa yakaanza kupata moto.

Basi wakati wote huo alikuwa humu. Nyavu zikipita, yeye alilala ubavu topeni na kuziacha zipite juu. Mavuno baada ya mavuno watu walisimama karibu na mgongo wake wakilalamika kwamba samaki wakubwa wamekwisha.

"Wapo wengine," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. Wote pamoja wakawa sita, majike manne na madume mawili, kila mmoja akajaza beseni peke yake. Fundi aliwabeba kutoka ukingoni, mmoja mmoja, na kila alipopokea alitazama chini ya shimo lake mwenyewe kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake kuna chumba asichokijua.

Mwenye hoteli alikuwa wa kwanza kurudiwa na fahamu. "Mama, nawachukua wote," alisema, akataja bei. Ilikuwa bei nzuri. Mama Mizani alikaa kimya, na kwa kuwa alikaa kimya, mwenye hoteli akadhani anasimama kama alivyozoea kusimama, akapandisha. Akanyamaza tena. Akapandisha tena. Majirani wakaanza kutazamana. "Nitawaweka kwenye meza ya mbele, wazima wazima," yule bwana akasema. "Watu watapiga picha. Mama, hiyo ni bei ya ng'ombe."

"Nimeisikia. Ni bei nzuri sana."

"Kwa hiyo?"

"Siuzi."

"Unataka ngapi?"

"Kaka, sipatani. Siuzi. Chukua wadogo, wote, pamoja na wale wa kidimbwi cha pembeni. Hao nakupa unavyotaka."

Fundi alimvuta pembeni, matope yanamkauka magotini. Hakupandisha sauti. "Mama watoto, tulipeana mkono."

"Tulipeana."

"Shimo linafukiwa."

"Najua. Ni lako. Umelishinda kwa haki." Akajifuta paji la uso kwa mkono, akajipaka tope zaidi. "Nalinunua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ile fremu yangu ya duka kule sokoni."

Fundi alimtazama usoni. Fremu ile ya kona, mlango wake ukitazama lango la soko, ndicho kitu pekee mkewe alichokuwa nacho duniani kwa jina lake mwenyewe, alichokinunua tofali kwa tofali kwa samaki wa kutembeza. Watu walikuwa wakiililia. Juu yake na nyuma yake vingeweza kusimama vyumba, na vya kutosha.

"Fremu kwa shimo la vyura," alisema.

"Kwa shimo na walio ndani yake. Hao sita nawarudisha humo. Watazaa, na watoto wao watakaokua vizuri kuliko wengine sitawauza. Hata Kijiko apige magoti."

"Na hospitali?"

"Itakula maharage msimu huu, na huenda na ujao. Nitamwambia mwenyewe." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo, "Hawapo tena ziwani, baba watoto. Umemsikia yule binti. Wanawatafuta kwa mashua na injini. Na wapo hapa, nyuma ya jiko letu."

Fundi alitazama mabeseni. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu maisha yake yote ya utu uzima, na hakuwahi kumwona akitoa kitu kwa bei ya kwanza. Akangoja. Alijua kwamba sasa atashusha, atasema nusu ya fremu, atasema kodi ya mwaka mmoja. Upepo ulipita ukaleta harufu ya tope. Mmoja wa wale samaki alipiga mkia, beseni likalia kama ngoma.

"Hushushi?" akamuuliza.

"Sishushi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hilo lilimgusa kuliko samaki wenyewe. Akavua shati, akashuka mpaka kwenye bomba upande wa chini, akakanda udongo kwa visigino kama alivyokuwa akikanda wa matofali ujanani, akaanza kuziba. Wifi alimuuliza anafanya nini na mboga zake bado hazijashiba maji. Fundi aliongeza udongo. Akashindilia donge juu ya donge kwa kiganja, akilaza sikio kusikiliza kama pana tone linalopenya, mpaka kimya kikawa kimya, na kule kwenye kona ya udongo mzuri chemchemi ikaanza kuonekana, kamba nyembamba ya maji safi ikitambaa juu ya tope.

Mama Mizani alikuwa amekaa kati ya mabeseni, akiwachotea samaki maji mapya kwa kibakuli, mmoja baada ya mwingine. Kwa mwendo ule wa chemchemi, angekaa hapo kwa muda mrefu.